Waliobaki Kibiti

Baba aliondoka nyumbani kwetu Upanga wakati wa sala ya alfajiri, akaiacha simu yake mezani ikiwa kwenye chaji. Asubuhi nilidhani kachelewa msikitini. Baadaye nikadhani kapitia Kariakoo kwa rafiki yake kunywa chai. Adhuhuri ilipoadhiniwa simu yangu ikalia, na jina lililotokea likanishtua: Bachubhai, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kibiti, ambaye hakuwa amenipigia tangu tulipohama.

"Hiba, baba yako yuko huku," alisema. "Kanunua gambuti dukani kwangu. Namuuliza za nini, ananiambia anakwenda Kiongoroni."

"Kiongoroni, kule delta? Kufanya nini?"

"Hasemi. Mto umefurika, beti, mwanangu. Wenyeji wenyewe wanahama, na yeye ndiyo kwanza anaingia. Nimemshika mkono, kaniambia nimwachie. Sijawahi kumwona Imran akinitazama vile."

Baba alikuwa amepita sabini na ana presha. Nilifungua kabati nikakuta dawa zake zote zimebaki. Nikazitia mkobani, nikatoka mbio kwenda Mbagala kutafuta gari la kusini.

Ilikuwa Aprili ya mwaka wa mafuriko makubwa, na mimi sikuwa nimeikanyaga Kibiti kwa miaka saba. Watu wa Dar nikiwaambia mji ninaoupenda kuliko yote ni Kibiti, hudhani natania. Wanaujua kwa kuupita: basi linasimama, wauza korosho wanakimbilia madirishani, dereva anapiga honi, basi linaondoka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa dirisha. Duka letu la vitambaa lilitazamana na stendi. Nilijifunzia kuhesabu kwa majora ya vitenge, nikajifunzia matusi kwa wapiga debe, na Mama alinisugua mdomo kwa sabuni kwa hayo ya pili. Barazani kwetu alikaa fundi Swalehe na cherehani yake. Mkewe, Da Shamsia, alikaanga vitumbua pembeni, na mimi na binti yao Tatu tulikula vile vilivyoungua. Asubuhi niliamshwa na mambo mawili, mlio wa cherehani na harufu ya mafuta ya vitumbua. Hata sasa, Upanga, kuna siku naamka nikivisubiri.

Kisha ukaja mwaka ule. Sitausimulia wote, kwani waliokuwepo hawahitaji kusimuliwa. Leo tunasikia kiongozi wa kijiji kapigwa risasi mlangoni kwake, kesho mwingine. Jua likizama, pikipiki haziruhusiwi kutembea. Watu wakajifunza kusalimiana bila kutazamana. Swalehe alikuwa mwenyekiti wa kitongoji chetu, kazi aliyoikubali kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Asubuhi moja cherehani yake haikulia. Haikulia tena. Baada ya wiki chache Baba alifunga duka, tukahamia Dar, na kila nilipotaja Kibiti mbele yake alinyanyuka akaenda kufunga dirisha, hata kama limefungwa.

Jioni ile nilishuka stendi nikasimama kama mgeni. Duka letu sasa lilikuwa la simu, limepakwa rangi ya kijani, na barazani paliwekwa spika kubwa inayopiga kelele. Mvua ilikuwa inanyesha. Wapiga debe walikuwa wapya, wakaniuliza, "Sista, unakwenda wapi?" Nikashindwa kuwajibu kwamba nilikuwa nimeshafika.

Nilikwenda kwa Da Shamsia kwa kuwa yeye ni mzaliwa wa delta na anawajua wenye boti. Lakini nitakuwa muongo nikisema miguu yangu haikuwa mizito. Tangu tuhame hatukumpigia simu. Baba alitukataza.

Alikuwa ukumbini anachambua mchele. Alinitazama muda mrefu kabla hajaniitikia salamu.

"Umepotea njia, Hiba?"

"Hapana, Da Shamsia. Nimekuja kwako."

"Kwangu." Akaendelea kuchambua. "Miaka yote nilikuwa hapahapa. Sikuhamia mbinguni."

Nilimweleza habari za Baba. Nilipotaja Kiongoroni, mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Ana nani Kiongoroni?"

"Sijui."

"Hujui, au umeambiwa usiseme?"

"Wallahi sijui."

Aliuweka ungo chini. Hakunipa pole wala hakunikaribisha kiti. Alichosema ni kwamba maji yataruhusu asubuhi, kwamba shemeji yake aitwaye Zaidi, mume wa dada yake, ana boti ya mashine Nyamisati, na kwamba hataniacha niende peke yangu. Nilimshukuru. Akanijibu, "Usinishukuru. Nina yangu."

Usiku ule nililala chumba cha Tatu, ambaye yuko chuo cha uuguzi Mtwara. Alfajiri tulipanda bodaboda mbili hadi Bungu, tukaiacha lami, tukaingia njia ya Nyamisati kwenye tope la kuvuta matairi.

Zaidi alitupokea ufukweni akiwa na wasiwasi. Alisema Mzee wa Kihindi alivuka jana alasiri na boti ya watu waliokwenda kuchukua ndugu zao.

"Shemeji, mie nawapeleka," alimwambia Shamsia, "lakini tukifika tusikae. Maji yakipwa tutakwama, na huko viboko wamechanganyikiwa. Mafuriko yamewatoa kwenye makazi yao, wanajitokezea popote."

Tuliingia mikokoni. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo, mabua ya mpunga na paa zima la makuti. Tulipita mashamba ambayo yalionekana vichwa vya migomba tu. Kwenye kona ya mkono mmoja mwembamba wa mto Zaidi alizima mashine ghafla, akatuonyesha kwa kidevu. Mbele yetu, kama hatua chache, maji yalivimba, yakapasuka, na kichwa cha kiboko kikatokea kikipumua kwa kishindo. Kisha cha pili. Mkondo ulikuwa unatusukuma kuelekea kwao. Zaidi alilichoma pondo, mti wake mrefu wa kusukumia boti, chini kwenye tope, akaling'ang'ania huku mishipa ya shingo imemtoka, na sisi tukayashika matawi ya mikoko kwa mikono miwili. Tawi langu lilikuwa linateleza. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursiy, nikafika katikati nikasahau, nikaanza upya.

Ni hapo, tumeshika matawi, viboko wakitutazama, Shamsia aliponiambia.

"Siku ile Swalehe alipopotea, nilimwona baba yako akirudi na pikapu yake. Suruali yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Meusi, ya mikokoni. Kibiti hakuna matope yale."

Nilimgeukia. Hakuwa akinitazama, alikuwa anawatazama viboko.

"Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, wakati ule? Baada ya wiki chache mkahama. Nyie mlikuwa na pa kwenda. Mie nikabaki na yale matope. Kila nikilala nayaona. Najiuliza, alimpeleka wapi mume wangu? Alimkabidhi kwa nani?"

"Da Shamsia, Baba hawezi..."

"Hawezi nini? Wakati ule ulimjua nani anaweza na nani hawezi?"

Nilimkumbuka Baba akifunga dirisha lililofungwa. Nilikumbuka pia kwamba siku chache kabla hatujahama walikuja dukani watu wawili tusiowajua, wapole sana, wakamuuliza fundi wa barazani yuko wapi, na Baba akawajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mtu anayebembeleza. Niliogopa. Si viboko niliowaogopa tena.

Wale wanyama walizama, tukaona mapovu yao yakienda upande wa pili. Zaidi akasubiri, akawasha mashine, tukapita.

Kiongoroni tuliikuta nusu imo majini. Watu walikuwa wanapakia magodoro na kuku kwenye mitumbwi. Tuliuliza, na kila tuliyemuuliza alimjua: Mhindi mwenye gambuti, yuko kwa Bi Mwanamina.

Bi Mwanamina zamani alikuwa mteja wetu. Hakufika Kibiti mwenyewe; alituma vijana wamnunulie vitenge vya jumla, akaviuza visiwani. Nyumba yake ilikuwa kwenye mwinuko wa mchanga, na Baba alikuwa ameketi kizingitini, gambuti zimemjaa tope, ndevu hazijachanwa. Aliponiona mimi alinyanyuka. Alipomwona aliye nyuma yangu alikaa tena, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Shamsia," alisema.

"Mume wangu yuko wapi, Baba Hiba?"

Hakupandisha sauti. Zaidi, aliyekuwa akitukumbusha habari za maji, alituacha akarudi kwenye boti.

Bi Mwanamina ndiye aliyetoka ndani, akamtazama Shamsia toka kichwani mpaka miguuni.

"Huyu ndiye mke wa Sadala?" alimuuliza Baba.

"Simjui Sadala," alisema Shamsia. "Mume wangu anaitwa Swalehe."

"Mimi nilimleta hapa," Baba alisema. "Aliambiwa jina lake limetajwa, ni zamu yake. Alikuja kwangu alfajiri. Nikamlaza kwenye pikapu, nikamfunika kwa majora, nikampeleka Nyamisati, nikapanda naye boti mpaka hapa. Hapa alijiita Sadala."

"Na mimi?"

"Aliniapisha. Alisema, Shamsia hajui kusema uongo. Wakija kumuuliza, asiyejua ndiye atakayepona. Alisema mambo yakitulia atatoka mwenyewe."

"Yakatulia."

"Yakatulia."

"Na miaka ikapita."

"Nilisubiri nisikie amerudi. Sikusikia. Wale watu walikuja dukani, Shamsia, nilidhani wanajua. Niliogopa kupiga simu, niliogopa kumtuma mtu. Halafu nikaogopa kwa sababu nimechelewa. Juzi redio ikasema vijiji vya delta vimezama. Nikasema, kama yu hai atakufa maji, na ninayejua aliko ni mimi peke yangu."

Shamsia aliuma midomo. "Ulichelea asizame yeye. Mie nimezama miaka saba, hukuchelea."

Kisha akageuka kwa Bi Mwanamina, kwa kuwa mpaka hapo hakuna aliyekuwa amemjibu swali lake la kwanza. Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilijua kwa jinsi Baba alivyokaa.

"Yuko wapi huyo Sadala wako, bibi?"

"Keti, mwanangu."

"Nitasikia nikiwa nimesimama."

Bi Mwanamina akamwambia. Swalehe alikaa kwake tangu Baba alipomleta hadi mvua za vuli. Alishona matanga na kutia viraka nguo za kijiji kizima, hakutaka kula bure. Akashikwa na homa na kuhara. Boti ya kumpeleka hospitali ilipatikana kwa taabu, na ilipopatikana hakuwahi. Walimwosha, wakamsalia, wakamzika.

"Nilituma habari kwenye duka la Imran," alisema. "Nikaletewa jibu, Mhindi amehama. Watu wake wengine sikuwajua. Hakunitajia kwao hata siku moja."

Upepo ulikuwa unaipeperusha khanga ya Shamsia, naye hakuishika.

"Watu wengi ni mafundi," alisema hatimaye. "Alikuwa anakata kitambaa kwa mkono gani?"

"Wa kushoto. Na mkasi hakuupenda, alikuwa akilalamika kwamba mikasi yote ya dunia imetengenezwa kwa watu wa kulia."

Hapo ndipo alipoketi. Aliketi chini kwenye mchanga mbichi, akajifunika uso kwa khanga. Nilikwenda nikamshika, akanisukuma. Nikamshika tena, akaniacha. Baba alibaki kizingitini. Alikuwa analia bila sauti na hakuna aliyemwendea.

Zaidi alikuja akasema kwa unyonge kwamba maji yameanza kupwa, tusipoondoka tutalala humo. Shamsia alimwambia, "Subiri." Bi Mwanamina akatupeleka makaburini, nyuma ya minazi. Maji yalikuwa yamefika ukingo wa chini na makaburi mawili ya mwanzo yalikuwa yameshaliwa nusu. La Swalehe lilikuwa juu zaidi, limewekewa kipande cha mbao ya mkoko kichwani, bila jina. Tulisoma Fatiha. Baba alisimama mbali, na Shamsia alimwona, hakumwita wala hakumfukuza.

Tulirudi wote katika boti moja. Nilimpa Baba dawa zake akazimeza kwa maji ya chupa. Tulikwama mara mbili kwenye tope, Zaidi na Baba wakashuka kusukuma, Baba na umri wake, maji yakiingia gambuti. Nilimwambia apande. Hakunisikia, au alijifanya. Shamsia alikaa mbele, mgongo kwetu.

Karibu na Nyamisati, bila kugeuka, alisema: "Tutasoma khitma. Nawe utakuja. Utasema mbele ya watu wote kama ulivyosema kule."

"Shamsia," Baba alisema taratibu, "Kibiti bado kuna watu..."

"Najua wapo. Ndio nataka wasikie. Watu wamenitazama miaka saba kama mke wa mtu aliyefanya jambo. Utasema."

Tatu alikuja kutoka Mtwara kwa kuzunguka, kwa sababu barabara ilikuwa imekatika. Siku ya khitma wanaume walikaa nje kwenye mikeka, chini ya turubai, na wanawake uani. Bachubhai naye alikuja, akavua viatu, akakaa mwishoni kabisa. Ilipomalizika dua, Baba alinyanyuka. Nilikuwa mlangoni, namwona ubavu. Mikono yake ilikuwa imeshikana nyuma kama mtoto wa shule.

Alilitaja jina la Swalehe. Akautaja mwaka. Nilisikia watu wakihema, kwani mwaka ule Kibiti huitwa "kipindi kile" na hakuna anayeutaja kwa jina lake. Mzee mmoja alianza kukohoa asiache. Kijana aliyekaa karibu na mlango alinyanyuka, akatafuta kandambili zake, akaondoka. Wa pili akamfuata. Baba akasita. Nilidhani atakaa. Alijifuta jasho, akaendelea, akasema yote: pikapu, majora, boti, kiapo, na kuogopa kwake. Hakujitetea. Alipomaliza alisema, "Mtu huyu hakumdhuru yeyote. Aliyenyamaza ni mimi."

Kisha sauti ya mwanamke ikatoka uani, ya mtu mzima, siyo ya Shamsia:

"Na wangu je? Wangu nani alimpakia?"

Alikuwa Bi Sihaba, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye mwanawe alikwenda shamba kipindi kile na hakurudi. Baba aligeuka upande wa sauti. Alitikisa kichwa, akasema hajui. Bi Sihaba akauliza tena, na tena, mpaka wanawake wakamtoa nje kumpepea. Hakuna aliyekula pilau vizuri siku ile.

Sheikh alimweleza Shamsia kwamba eda yake ilikwisha zamani, kwani huhesabiwa tangu siku ya kufa. Imepita yeye asijue. Alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, kisha akaingia ndani, akavaa nguo nyeupe, na akakaa eda. Watu waliomwambia si lazima aliwajibu kwamba la lazima lilikwishapita, hili ni lake.

Baba alikataa kurudi Dar. Bachubhai alimpa chumba nyuma ya duka. Wapo wanaomsalimia na wapo wanaovuka barabara wakimwona, na anasema wote anawaelewa. Kila Ijumaa baada ya sala anakwenda kwa Bi Sihaba, anakaa barazani kwake. Sijui wanazungumza nini. Labda hawazungumzi.

Mimi nilirudi kazini, na sasa kila mwisho wa mwezi nashuka stendi ya Kibiti. Bado naupenda mji ule, lakini siupendi tena kama mtoto anavyopenda. Zamani nilikumbuka vitumbua na cherehani. Sasa nikipita nyumba na nyumba najiuliza humu ndani kuna nani anayesubiriwa.

Mara ya mwisho nilimkuta Shamsia ameanza tena kukaanga, mbele ya nyumba yake. Nilikaa kando yake nikageuza vitumbua kwa kijiti, viwili vikaungua, akanisonya. Nikapata ujasiri wa kumuuliza kama atamsamehe Baba.

Alichota unga, akaumimina taratibu kwenye kikaango.

"Sijui, mdogo wangu," alisema. "Kuna siku naamka nimemsamehe. Ikifika adhuhuri sijamsamehe. Geuza hicho, kinaungua."